Mjadala Uliotoka Uani

Semeni binti Kombo alikuwa na mume, na mume mwenyewe alifanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Horohoro, kule mpakani, akilala huko siku tano na kurudi nyumbani Ijumaa. Mwanamke mwingine angekonda kwa mawazo. Semeni, katika miaka kumi na minne ya ndoa, hakuwahi kumwonea mumewe wivu hata nusu siku. Kumbe wivu wake wote alikuwa kauweka akiba, unamsubiri binti mmoja wa Mwera, Pangani, ambaye hata uso wake hakuwa ameuona.

Walichogombea kilikuwa nyumba, na nyumba yenyewe haikuwa na matofali wala bati. Ilikuwa tovuti, ya aina ile ambayo kila mwanachama huandika na kila mwanachama husahihisha. Semeni ndiye aliyeianzisha, miaka saba nyuma, kwa ajili ya mashabiki wa Waridi Salama, kikundi cha taarabu cha Tanga ambacho zamani kiliwaliza watu kuanzia Pangani hadi Mombasa, kisha kikafa kimyakimya, mpigaji mmoja baada ya mwingine. Akaiita Nyumba ya Waridi.

Mwanzoni mijadala ilikuwa imerundikana pamoja kama nguo za kufua. Huyu anauliza nani alipiga fidla, yule anatafuta maneno ya ubeti wa tatu, na katikati yao kuna mama analia kwamba wimbo fulani unamkumbusha talaka yake. Semeni akakaa akafikiri, akaamua kuipanga kama inavyopangwa nyumba yoyote ya watu. Kundi la kwanza akaliita Barazani: hapo hata mpita njia asiyejiunga anasoma, na wanaume wanabishana watakavyo. La pili, Sebuleni: maneno ya nyimbo, picha, kanda za zamani, na anayesema neno alete ushahidi. La tatu, Uani.

Mtu wa pwani haelezwi uani ni nini. Ndiko wanawake wanakochambua mchele na kusemezana yale ambayo barazani hayafiki. Kundi la Uani lilikuwa la wanawake peke yao, asiyeruhusiwa haoni hata kichwa cha mjadala, na hakuna aliyeruhusiwa kabla Semeni hajampigia simu akasikia sauti yake kwa masikio yake. Kwa hilo hakuwa na mchezo. Aliwahi kumrudisha mlangoni mwanamume wa Muheza aliyejiita Bi Harusi, na akamtolea maneno ambayo bwana yule huenda anayakumbuka hadi leo.

Kwa miaka sita mambo yakaenda hivyo, na watu walipomtaja walimwita Mwenye Nyumba. Jina hilo lilimkaa vizuri. Mchana alikuwa mwanamke wa stationery pale Raskazone, karibu na shule, anatoa kopi na kuchapa barua za watu, mikono ina wino. Lakini akifungua Nyumba ya Waridi, alikuwa mtu.

Mwaka jana mama yake mdogo akaugua, na Semeni akalazimika kwenda Mombasa kumuuguza miezi miwili. Hakutaka nyumba ilale bila mtu. Akamkabidhi funguo Shadya, mwalimu wa shule ya msingi huko Mwera, binti wa miaka ishirini na sita ambaye hakuwahi kuandika neno bila kuanza na salamu. Wakawa wawili tu wenye uwezo wa kufungua, kufunga na kuhamisha mijadala.

"Nitakufagilia tu, dada," Shadya alimwambia kwenye simu. "Ukirudi utaikuta kama ulivyoiacha."

Aliporudi hakuikuta kama alivyoiacha. Kule Sebuleni, ambako mijadala mia sita na kitu ilikuwa imerundikana, sasa kulikuwa na rafu: nyimbo za ndoa, za uke wenza, za majirani, za safari. Kila wimbo umewekewa mwimbaji wake, mwaka wake na wapigaji wake. Mijadala iliyorudiwa mara kumi imeunganishwa ikawa mmoja. Mtu akitafuta kitu anakipata kwa kubonyeza mara mbili. Na chini ya kila rafu kulikuwa na safu ya watu wanaomshukuru Shadya, maua na mioyo, maua na mioyo, mpaka kidole cha Semeni kikachoka kuyashusha.

Kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa kazi nzuri. Ingekuwa mbaya angeifumua siku hiyohiyo na kulala usingizi. Alizunguka mle ndani wiki nzima akitafuta kosa, akapata mwaka mmoja ulioandikwa vibaya, akausahihisha kwa furaha ambayo baadaye aliionea aibu yeye mwenyewe. Alijisikia kama mke aliyerudi safari akakuta mke mwenzake kahamisha makabati, na nyumba imependeza.

Akamwandikia, "Ahsante sana mdogo wangu, umejitahidi." Hakumwomba funguo arudishe. Angeziomba kwa sababu gani? Watu wangesema ana wivu, na kweli alikuwa nao.

Lakini kiini cha donda kilikuwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena ndiye sauti ya mwisho iliyobaki ya Waridi Salama, bibi wa miaka sabini na kitu anayeishi Chumbageni. Yeye ndiye aliyeimba "Kigae," wimbo ambao Tanga nzima inaujua, wa jirani aliyekuja na kipande cha chungu kuomba moto wa kuwashia jiko:

Alikuja na kigae, kaniomba kaa moja,
Leo moto uko kwake, mafiga yangu yangoja.

Kanda zote ziliandikwa kwamba mtunzi ni marehemu Mwinyijuma, kiongozi wa kikundi, lakini Semeni hakuamini. Mwanamume, alisema, hajui mafiga yanavyongoja. Kwa miaka saba alitaka kitu kimoja tu katika dunia ya Waridi Salama: Bi Zuwena amwambie yeye, Semeni, kwa mdomo wake, wimbo ule ulitoka wapi. Alikwenda Chumbageni mara tatu na mkate wa kumimina. Mara tatu alipokewa barazani, nje, penye benchi la saruji wanapokaa wanaume na wageni wa kupita. Akaletewa chai, wakazungumza mvua na bei ya nazi, akaaga. Hakuna hata mara moja alipoambiwa apite ndani. Mwanamke kumweka mwanamke mwenzake barazani, na ua upo! Semeni alilimeza hilo akajiambia bibi kazeeka, hapendi watu.

Basi Jumatatu moja, saa tano asubuhi, Uweso akaingia dukani.

Uweso alikuwa dereva wa bajaji, kituo chake mbele ya duka la Semeni, mwanamume wa miaka arobaini, mcheshi. Alikuwa mtoto wa Bi Zuwena. Wa kumlea, wala halikuwa siri. Mama yake mzazi alikuwa mke mwenza wa Bi Zuwena, akafa Uweso akiwa na miaka minne, na Bi Zuwena akamchukua kama aliyemzaa. Mtaani walisema wake wale wawili walipendana kama ndugu. Nyuma ya bajaji yake Uweso alikuwa ameandikisha, kwa rangi nyekundu, KIGAE. Abiria wakimuuliza, anawaimbia ubeti wa kwanza bure.

Alikuja kuchapiwa barua ya kwenda kwa mtendaji wa mtaa. Semeni akachapa, kisha akaigeuza kompyuta imwelekee mteja, kama wafanyavyo watu wote wa kazi ile, maana jina likikosewa na karatasi imeshatoka, hasara ni ya duka.

"Soma jina lako," akamwambia. "Na namba ya simu."

"Sawa kabisa." Uweso akaegemea kaunta. "Nitolee na kopi tatu za leseni. Hivi, Mwenye Nyumba, nikuambie kitu? Tangu Shadya ashike ufagio, Nyumba ya Waridi imekuwa nyumba. Zamani nilikuwa napotea mle kama mtu aliyeingia Soko la Mgandini na mguu mmoja wa kiatu. Sasa hata mama anasema yule binti ana mkono."

Semeni akasimamisha mashine ya kopi. "Mama gani?"

"Mama yangu. Bi Zuwena."

"Bi Zuwena anamjua Shadya?"

"Wanapigiana simu. Kila siku wanacheka. Mimi nasikia kicheko tu, nikiingia wananyamaza." Akacheka naye, bila kujua anamwaga mafuta wapi, akatoka kwenda kukaa kwenye bajaji yake kivulini asubiri kopi.

Semeni akabaki amesimama. Aliona kama kila kitu mle dukani, rimu za karatasi na kalamu na kalenda ya ukutani, vinamcheka. Miaka saba! Mikate mitatu ya kumimina! Na huyu wa juzi anachekeshwa kila siku.

Akaizungukia kompyuta palepale ilipogeuziwa mteja, akafungua Nyumba ya Waridi. Huko Uani, juu kabisa, ulikuwepo mjadala alioanzisha Shadya wiki tatu nyuma, Wimbo Uliokuliza, una majibu themanini na sita. Semeni hakuwa ameusoma. Alikuwa ameufungua mara mbili, akaona "ahsante Shadya" ya kwanza na "Mungu akubariki Shadya" ya pili, akaufunga. Themanini na sita. Mjadala wake yeye uliopata majibu mengi kuliko yote ulikuwa na arobaini na moja, na kumi kati ya hayo alijijibu mwenyewe.

Akajisemea kwamba huu ni mjadala wa nyimbo. Mijadala ya nyimbo haikai Uani. Huyu binti anayejifanya fundi wa kupanga, mbona huu kauweka pasipo pake? Ilikuwa sababu nzuri kabisa, na Semeni alijua vizuri kwamba siyo sababu yake. Alitaka watu wauone Barazani, waone Mwenye Nyumba kamsahihisha Shadya mbele ya kila mtu. Akabonyeza Hamisha. Kompyuta ikamuuliza, una hakika? Akabonyeza Ndiyo. Hakuwa amesoma hata jibu moja hadi mwisho.

Kazi ya kuhamisha ilichukua muda wa kupiga chafya. Akarudi kwenye mashine, akatoa kopi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazipanga, akatafuta bahasha. Nje, simu ya Uweso ikalia mlio ule wa mashabiki, wa kuwajulisha kuna mjadala mpya Barazani. Semeni akatabasamu. Wa kwanza kushuhudia atakuwa huyuhuyu msifiaji.

Uweso akafungua simu, akaanza kusoma, mguu mmoja juu ya usukani. Alisoma akicheka. Kisha akashusha mguu. Abiria mmoja akaja, mwalimu na mwavuli wake, akasema anakwenda Ngamiani, Uweso hakumjibu. Mwalimu akangoja, akasonya, akaita bodaboda. Uweso aliendelea kusoma mahali palepale, kidole hakisogei, hata Semeni akatoka na bahasha mpaka mlangoni.

"Uweso, kopi zako hizi."

Uweso akainua uso. Hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa ugenini asijue mlango uko wapi. Akawasha bajaji, akaondoka, na neno lile jekundu la nyuma likamwendea Semeni mbali mpaka kona ya barabara. Kopi hakuzichukua.

Ndipo Semeni aliporudi kwenye kiti chake, akaigeuza kompyuta, akausoma mjadala.

Majibu mengi yalikuwa ya kawaida, ya wanawake na machozi yao. La themanini na nne lilikuwa la mwanachama aliyejiita Mama Kasuku, ambaye Semeni hakumkumbuka. Aliingia miezi ile miwili ya Mombasa, akapokewa na Shadya. Lilikuwa limeandikwa jana yake, Jumapili.

"Wanangu, mmeuliza wimbo uliotuliza. Mimi Kigae kiliniliza kabla hakijaimbwa, maana nilikitunga mwenyewe nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Aliyekuja na kigae alikuwa jirani yangu, nikampa moto, nikampa na kifuu cha kuwashia. Mwaka haukuisha akawa mke mwenzangu. Mwinyijuma, Mungu amrehemu, akasema mwanamke hasimami ukumbini akaimba nyumba yake mwenyewe, tutachekwa, wacha niweke jina langu. Nikakubali. Nilimchukia yule mwanamke, nisiseme uongo. Waliosema tukipendana hawakuwepo. Kisha akafa, akaniachia mtoto wa miaka minne, na mtoto yule ndiye jicho langu. Anaupenda wimbo huu kuliko watu wote, kauandika mpaka kwenye chombo chake cha kazi, na hajui kaimbiwa mama yake. Wala sitaki ajue maadamu mimi ni hai. Nimeyabeba miaka arobaini, leo nimeyatua. Nayatua hapa kwa kuwa hapa ni uani."

Inapasa kusema kweli juu ya Semeni, na kweli yenyewe haimpendezi. Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni hakikuwa huruma wala hofu. Kilikuwa wivu. Kamwambia yeye! Siri ile aliyoifuata Chumbageni mara tatu, kapewa binti wa Mwera, tena kwa kuulizwa tu. Wivu ukamwuma vizuri, ukamaliza, na hapo ndipo akakumbuka uso wa Uweso.

Akaurudisha mjadala Uani. Ulikuwa umekaa Barazani dakika arobaini. Watu tisa walikuwa wameufungua, na wanane kati yao hawakufika jibu la themanini na nne.

Mchana, wakati wa mapumziko ya shule, simu ikaita. Shadya.

"Dada Semeni, shikamoo. Mama Kasuku amenipigia analia. Anasema yale maneno yametoka nje, mtoto wake kayasoma. Dada, nimetazama, kweli yalionekana Barazani. Nani kayatoa?"

Hapa palikuwa na njia nyoofu, fupi, ya maneno mawili. Semeni aliiona.

"Mtandao huu, mdogo wangu," akasema. "Umeunda rafu nyingi mno, vitu vinajichanganya vyenyewe. Labda kuna mahali uliacha alama."

 Upande wa pili zikasikika kelele za watoto wakicheza.

"Kwa hiyo ni mimi," Shadya akasema.

"Sisemi ni wewe. Nasema labda."

"Ni mimi, dada. Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Nilimwambia hapa ni salama." Akaanza kulia, akaomba radhi kwa kulia, akakata simu.

Semeni alikaa siku tatu akijieleza. Alijieleza akipika, alijieleza akitoa kopi. Hakukusudia. Hakujua. Mwenye kosa ni aliyemwingiza bibi mzima kwenye mtandao. Kila maelezo yalisimama vizuri mpaka alipotazama ile bahasha ya Uweso, iliyokaa pembeni ya kaunta haina wa kuichukua. Kituoni Uweso hakuonekana.

Alhamisi akapigiwa simu na namba asiyoijua.

"Semeni? Ni mimi Zuwena. Njoo Jumamosi baada ya laasiri, mwanangu. Tuzungumze habari ya Kigae."

Miaka saba alikuwa ameingoja simu hiyo. Alijibu naam, bibi, naam, na alipoikata alijikuta anacheka na kulia pamoja. Akasahau aibu yake yote. Bibi kaachana na yule binti, akawaza. Kaona mwenyewe kwamba nyumba haiachiwi mwanafunzi, kaja kwa mwenyewe. Ijumaa mumewe alirudi kutoka Horohoro akamkuta anapika mkate wa kumimina anaimba, akauliza leo kuna nini, akaambiwa leo kuna heri.

Jumamosi akavaa baibui lake jipya, akachukua mkate na daftari, daftari kubwa la jalada gumu, akashuka Chumbageni. Bajaji ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa nyumba, KIGAE nyuma, nyekundu kama siku zote. Moyo wake ukatulia. Kama jina halijafutwa, basi mambo si mabaya.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu." Bi Zuwena akatoka mwenyewe, mwembamba, kajitanda kanga, anatembea polepole. Semeni akavua kiatu kimoja tayari kwa kupita ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akamwonyesha benchi la saruji. Naye akakaa ncha ya pili.

Semeni akarudisha mguu kiatuni. Akakaa, daftari mapajani, mkate kando.

"Nimekusumbua," Bi Zuwena akaanza. "Nina swali moja tu, kisha tutazungumza upendavyo. Pale kwenye nyumba yenu, mlango wa uani ulifunguliwa Jumatatu. Nani aliufungua?"

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza nani kaacha ndoo kisimani. Macho yake yalikuwa yanamtazama Semeni kwa upole, yanangoja. 

Semeni akalitazama daftari lake. Lilikuwa na kurasa mia mbili, tupu zote. Akijibu vibaya zitabaki tupu. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu.

"Bibi, funguo tunazo wawili," akasema. "Mimi na yule binti. Sipendi kumsemea mtu vibaya. Bado ni mdogo, mambo haya hayajui sawasawa."

"Ahaa," Bi Zuwena akasema.

Akatengeneza kanga yake. Kisha akageuka akaita ndani, "Mwanangu, leta chai ya mgeni!"

Akatoka msichana mfupi, mnene kidogo, mwenye mwanya na macho mekundu ya kulia siku nyingi, kajifunga kanga ya kazi kiunoni, mikono ina unga. Akaweka trei juu ya benchi, kikombe kimoja. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada Semeni," akasema, na kwa sauti hiyo Semeni akamjua.

 Ndani, huko uani, ikasikika sauti ya mwanamume ikiuliza viazi vimenywe vyote au nusu, na Shadya akajibu vyote. Ilikuwa sauti ya Uweso.

"Alikuja jana kutoka Mwera kuniomba radhi," Bi Zuwena akasema. "Kapanda magari mawili. Kaniangukia miguuni hapa hapa barazani, nikamwinua nikampeleka ndani. Na Uweso naye alikuja, usiku ule ule wa Jumatatu. Nilidhani kaja kunitukana. Akaniuliza kama nilimchukia mama yake, nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nilimchukia yeye. Basi tukalia. Sasa anamenya viazi." Akainuka taratibu, mkono ukutani. "Ila alinieleza kitu kimoja. Alikuwa kasimama kwako dukani anasoma barua yake, na ile kompyuta ilikuwa imemgeukia yeye. Alipokaa kwenye bajaji bado aliiona kupitia dirishani, akakuona wewe unabonyeza Hamisha. Sikumsadiki. Nikasema nitakuuliza mwenyewe."

Akafika mlangoni. Shadya alikuwa keshampisha, kasimama pembeni, anatazama sakafu. Bi Zuwena akamshika bega, wakaingia wote wawili, wakaliacha pazia likining'inia.

Semeni akasimama. Mkate ukaanguka, hakuuokota. Maneno yale mawili aliyoyaacha Jumatatu yakamjia sasa, yote kwa mpigo.

"Ni mimi!" akaita mbele ya pazia. "Bibi, ni mimi! Shadya hana kosa, mimi ndiye niliyehamisha! Nilimwonea wivu!"

Wapita njia wawili wakageuka wakamtazama. Huko ndani kisu kikasimama kukwaruza kiazi, kisha kikaendelea.

"Tunajua, mwanangu," sauti ya Bi Zuwena ikamjibu kutoka uani, haina hasira hata chembe. "Kunywa chai yako. Ukimaliza, kikombe kiache hapo hapo."